Senti za Tundu na Nishani ya Baba

Kamwokya,
Kampala.
Jumapili, 15 Juni 2025.

Mpendwa kaka yangu Ojera,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu. Mimi sijambo, mwanangu Bonny hajambo, ila magoti yangu yana malalamiko kila asubuhi mpaka niyapake dawa ndipo yanyamaze. Je, wewe hujambo? Wifi yangu Nelima na watoto wazima? Olweny, yule mtoto wa shangazi anayeendesha lori la saruji, aliniambia kwamba mwezi wa tatu ulipasuliwa jicho hapo Nakuru. Limepona sawasawa? Kama bado linakusumbua, usilichoshe kwa mwandiko wangu, mpe Nelima akusomee. Tena afadhali asome yeye, na sababu utaiona huko mbele.

Najua umeshangaa kuona jina langu juu ya bahasha. Ningepiga simu, lakini zile mbili nilizopiga ulizikata kabla sijamaliza kusema haloo, na sikulaumu. Barua haikatiki. Hata ukiamua kuichana, utakuwa umeshachungulia nusu yake, kwa maana tangu utotoni wewe hupitwi na neno.

Basi neno lenyewe ni hili: nishani ya Baba nimeipata. Naam, ileile. Kaa vizuri, mwambie mtoto akuletee chai, kisha uniache nieleze kwa utaratibu wangu.

Kwanza ujue kwamba nimeacha kazi ya getini. Miaka kumi na tisa nimesimama mlangoni mwa duka kubwa, mkononi nina kile kifimbo kinacholia kikikuta chuma, nikiwapapasa watu kabla hawajaingia. Nusu ya Kampala imenyanyua mikono mbele yangu, wakiwemo mawakili na mapadri. Sikio langu limekuwa hodari. Funguo zina mlio wao, sarafu zina wao, na mkanda wa bandia haunidanganyi. Siku ya kuniaga niliwaomba kifimbo kimoja cha zamani walichokuwa wanakitupa. Waliniuliza nataka kukifanyia nini, nikawaambia nimechoka kukalia sindano zangu za kushonea. Wakacheka, wakanipa na betri.

Sasa twende Port Bell. Zile kota zetu za polisi wa reli zilibomolewa zamani, nyumba zote kumi na mbili, pakabaki majani na mbuzi wa watu. Mwaka huu kiwanja kimepata mwenyewe. Ameleta tingatinga likakwangua majani na udongo wa juujuu, amezungushia mabati, na mwezi ujao wanamwaga zege. Niliposikia, sikulala vizuri. Nilijua kwamba zege likishamwagwa, jambo letu litabaki chini yake mpaka siku ya kiama.

Bahati nzuri askari anayelinda pale ni Sadik, Mnubi wa Kibuli niliyefanya naye kazi getini miaka sita. Alinifungulia lango bila maswali mengi.

Lakini nisikufiche, Ojera. Watu wa bodaboda waliokuwa wanachungulia juu ya mabati walidhani natafuta dhahabu iliyofichwa na wanajeshi wa zamani. Sadik alidhani natafuta pesa za kale niwauzie Wazungu. Ukweli ni kwamba nilikwenda kutafuta ushahidi dhidi yako.

Unaikumbuka Januari ile ya 1986 kama ninavyoikumbuka mimi. Serikali ilibadilika, na watu wa kwetu kaskazini waliokuwa wamevaa sare waliishi kwa hofu, hawajui nani atagonga mlango. Wiki ileile sanduku la Baba likakutwa wazi, nishani yake ya utumishi haimo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na wewe kumi na miwili. Mimi ndiye niliyejulikana kwa kuokota vyuma chakavu na kuviuza ili ninunue mandazi, kwa hiyo Baba hakuuliza mara mbili. Alinichapa kwa mkanda wa kazi, na kuanzia siku hiyo kota nzima ikaniita Apio Mkono Mrefu. Baba ameingia kaburini akiamini hivyo.

Nami nilijua sikuichukua. Nyumbani tulikuwa watoto wawili tu, mimi na wewe, mtoto wa baba mdogo uliyelelewa nasi. Kama si mimi, basi ni wewe. Kikulacho ki nguoni mwako, ndivyo nilivyojiambia, na neno hilo nimelitafuna miaka thelathini na tisa.

Turudi kiwanjani. Kile kifimbo hakikutengenezewa ardhi, kinasikia kina cha kidole kimoja tu, kisha kiziwi. Basi nilipiga magoti, nikakwangua kwa mwiko wa fundi, nikapitisha kifimbo, nikakwangua tena. Mtafuta hachoki, na akichoka keshapata. Siku ya kwanza nilipata vizibo vya soda vya kujaza ndoo, misumari, na wembe mmoja ulionikata. Sadik aliniletea maji akanihurumia.

"Mama Bonny," akasema, "hii kifimbo yako inalia mpaka kwa takataka. Rudi nyumbani, banange, jua itakuua."

Nikamwambia jua la getini nimelizoea, akaenda kukaa kivulini.

Shida ilikuwa kuijua nyumba yetu. Kota kumi na mbili za kufanana, tena zimebomolewa, utasemaje hii ni ya nani? Siku ya pili, saa nne asubuhi, kifimbo kikatoa mlio mwembamba ambao si wa kizibo. Nikachokoa, ikatoka senti kumi ya zamani, ile ya shaba yenye tundu katikati na pembe za ndovu zimelizunguka tundu. Hatua moja mbele, nyingine. Ya tatu ilikuwa na msumari ndani ya tundu, umeoza lakini haujatoka.

Kaka, nilikaa chini kabisa. Unamkumbuka Mama alivyoezeka lile jiko letu la nje? Wenzake walinunua washa, vile visahani vya kuvisha misumari ya bati, yeye akachukua zile senti za babu zilizokwisha thamani, akasema pesa iliyokufa inaweza bado kuzuia mvua. Wanawake wa kota walimcheka. Hakuna nyumba nyingine kati ya zile kumi na mbili iliyopigiliwa mabati kwa pesa. Niliokota senti kumi na nne mpaka jioni, na zilipolala ndipo palipokuwa jiko la Mama.

Kutoka hapo nilijua kila kitu kilipo, hata ningefumba macho. Nilikwenda moja kwa moja palipokuwa lile jiwe la kufulia, kwa sababu chini yake ndipo ulipokuwa unaficha manati yako na gololi. Nilikwangua pale nusu siku. Nilipata gari lako la kopo la samaki, halina magurudumu, na spoku ya baiskeli. Basi. Nishani hakuna. Nilikasirika sana, nikakutukana peke yangu kwa sauti mpaka Sadik akaja kuuliza ninagombana na nani.

Siku ya tatu nilikuwa nakusanya vyombo niondoke. Nikapitisha kifimbo palipokuwa mafiga ya Mama, pale udongo ulipoungua ukawa mwekundu. Nilipitisha kwa mazoea tu, kama unavyompapasa mtu ambaye humshuku. Kikalia. Tena kililia kwa nguvu, mlio mnene wa kitu kikubwa. Nikakwangua, nikatoa kopo la mafuta ya Kimbo.

Sasa hapa ndipo nataka usikilize. Kifuniko cha kopo kimefungwa kwa waya wa shaba, ule wa simu za reli aliokuwa anauleta Baba. Kila ncha ya waya imepitishwa kwenye senti ya tundu. Na ncha zenyewe zimesokotwa mara tatu, kisha zikakunjwa kwa ndani.

Nani alikuwa anakunja ncha kwa ndani, Ojera? Mpini wa sufuria, bawaba ya mlango, mkono wa jerikeni, vyote alivifunga hivyo, na kila mara akisema kwamba waya usiokunjwa utamla mtoto kidole. Mimi sijui kuifanya kazi ile, na wewe hukujua. Ni mikono ya Mama. Kitako cha kopo kimetobolewa na kutu, na ukichungulia kwa tundu hilo unaona filimbi ya Baba, vifungo vya sare, na ukingo wa nishani wenye namba yake, 3062.

Nilikaa pale hadi Sadik akamaliza sala ya alasiri. Mambo yote yalijipanga yenyewe. Siku zile askari walikuwa wanapekua nyumba kwa nyumba. Mama aliona kwamba kitu chochote cha serikali ya zamani kingeweza kumponza mumewe, na alimjua mumewe: Baba angesema yeye hana cha kuficha, na nishani angeivaa kifuani kwa makusudi. Basi aliifukia yeye mwenyewe chini ya moto uliokuwa hauzimwi, mahali ambapo askari hangechimba. Hakumwambia Baba. Na sisi alijua kwamba tuna midomo. Nilipochapwa alikuwa anakoroga sufuria, hakugeuka. Jioni ile alinipa mayai mawili, mimi peke yangu, wewe ukalia kwa wivu. Miaka yote nilidhani ni huruma tu. Nadhani alikusudia kusema mambo yakitulia, lakini homa ile ya mwaka uliofuata ilimchukua kwa siku nne, na siku mbili kati ya hizo hakuwa na sauti.

Nimemkasirikia Mama wiki nzima, sitakudanganya. Kisha nikafikiri ningefanya nini kama ni Bonny na baba yake, nikaona pengine ningemwacha Bonny achapwe vilevile. Nimemsamehe. Kwake imekwisha.

Iliyobaki ni ya kwangu na wewe. Mwaka 1998, kwenye harusi yako kule Kimilili, waliniita niseme neno kwa niaba ya ukoo. Nikasimama mbele ya wakwe zako nikasema: "Wakwe zetu, fungeni masanduku yenu, bwana harusi ana mkono mrefu." Watu wachache walicheka. Mkweo, Mzee Khaemba, aliweka kikombe chini. Baadaye nilikuambia ulikuwa utani, na watu wote nimewaambia hivyo. Haukuwa utani, Ojera. Sentensi ile nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima tangu mpakani Malaba.

Sikujua ilikwenda mbali kiasi gani mpaka Krismasi iliyopita. Olweny alinieleza kwamba wakati wa mavuno wakwe wote wa Mzee Khaemba hupewa ufunguo wa ghala kwa zamu, isipokuwa wewe. Miaka ishirini na saba umesimama nje unangoja mtu akufungulie. Wala hukulalamika, wala hukunisema. Na bado binti yako wa kwanza ulimpa jina la Mama, Aol. Aliponieleza nilisema moyoni, amevuna alichopanda. Ndivyo nilivyosema. Ulimi hauna mfupa, na wangu niliutuma nikijua.

Ndiyo maana barua hii nimeiandika kwa Kiswahili badala ya Kiacholi chetu. Nataka Nelima aisome bila kutafsiriwa. Akimaliza, nakuomba muipeleke kwa Mzee Khaemba, asomewe yote, hata sehemu ninayoonekana mbaya, na watu waliokuwa harusini wakiwepo itakuwa vizuri zaidi. Kama atataka kusikia kwa kinywa changu nitapanda basi, magoti haya yatajua yenyewe. Mimi Apio nililisema neno lile mbele ya watu, na mbele ya watu nalirudisha. Ndugu yangu hakuiba. Nisamehe, kaka. Nilitaka mtu mwingine abebe jina langu, nikakutwisha wewe.

Kopo sijalifungua. Bonny alikuja na kisu, nikamfukuza. Waya ule ni fundo la mwisho la Mama na sitaki niukate peke yangu. Njoo na koleo lako la gereji, wewe ndiye mkubwa, ukate wewe, na nishani ikae kwako. Mimi zinanitosha zile senti kumi na nne. Siku utakayoshuka kwenye basi nitakuwa pale kituoni, na safari hii mimi ndiye nitakayenyanyua mikono. Unipapase wewe.

Nisalimie wifi yangu Nelima, umwambie kwamba hasira yake ni halali na aje nayo. Nisalimie Aol mdogo na wadogo zake, wajue kwamba wana shangazi. Mzee Khaemba umpe heshima zangu zote. Bonny anakuamkia, na Sadik pia, ambaye sasa anawaambia watu kwamba kifimbo kile alikiamini tangu siku ya kwanza. Mungu aliponye kabisa jicho lako, ailinde nyumba yako, na ampe Mzee umri wa kukukabidhi ule ufunguo.

Dada yako akupendaye,
Apio, ambaye mkono wake haukuwa mrefu. Mrefu ulikuwa ulimi.