Skana Yangu Iliujua Weupe wa Karatu Tu

Karatu, Jumatatu, mwezi wa nane

Baridi. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka Ngorongoro ukaja kulala mjini, magari ya watalii yakawa yanapita yamewasha taa na kumeshakucha kitambo. Mchana ukungu ukaondoka na vumbi likashika zamu. Hali yangu mimi usiulize. Nina hasira, na kibaya zaidi, kila nikitafuta wa kumkasirikia namkuta ni huyu huyu anayeandika.

Waliozoea kuja kwenye blogu hii kusoma majigambo yangu leo wataondoka na njaa.

Kwa mgeni: naitwa Dani. Niliishia kidato cha pili. Shule na mimi tuliachana kwa amani, ingawa walimu wana simulizi yao. Nafanya kazi kwenye stesheneri ya dada yangu Theresia, hapa barabara kuu. Tunatoa kopi, tunachapa barua za maombi ya kazi, tunapiga picha za pasipoti na kuwaambia watu wamependeza hata kama sivyo.

Mwaka jana lodge moja ya watalii ilihamisha ofisi yake, dada akapewa skana. Ya mezani, bapa, kioo kizima, haina hata mkwaruzo. Kasoro yake moja: kampuni iliyoitengeneza ilishaisahau, na kompyuta yetu inatumia mfumo huria, ule wa bure ambao mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuchungulia ndani. Ukiunganisha waya, kompyuta inaitazama skana kama ng'ombe anavyoitazama ndege. Inaona kuna kitu. Haijui ni nini.

Kilichokosekana ni draiva, yaani kiprogramu kinachokaa katikati na kuwafanya hao wawili waelewane. Ya skana ile kwa mfumo wetu haikuwepo. Duniani kote haikuwepo.

Mimi nikaiandika.

Rudia hiyo sentensi polepole. Mimi mwenyewe nimeirudia mpaka imechakaa.

Namna nilivyofanya, wasomi watanisamehe. Nilipata kompyuta kuukuu yenye programu ya zamani ya kampuni, nikaiunganisha na skana, halafu nikawa nasikiliza mazungumzo yao kwenye waya. Siyo kwa sikio, kuna programu inayorekodi. Yanakuja kama namba tupu, mafungu kwa mafungu. Kazi yangu ikawa kama ya shangazi mmbea: huyu kasema hivi, yule kajibu vile, baada ya hapo nini kimetokea? Nikituma namba hizi, taa inawaka. Nikituma hizi, kichwa kinatembea. Nikikosea, kichwa kinagonga mwisho wa reli ka-ka-ka-ka, na dada anapiga kelele kutoka kwenye mashine ya kopi, "Wewe chalii, ukiniulia hiyo skana utaskani kwa ulimi!"

Haikufa. Msimu wote wa mvua nilikuwa hapo, mpaka siku kitambulisho cha mteja kilipotokea kwenye kioo cha kompyuta, kizima, na sura yake ya kununa. Nilipiga kelele mpaka bodaboda wa nje wakaja kuangalia nani kapigwa.

Kuna mradi huko mtandaoni, watu wa nchi mbalimbali wanajitolea kuandika draiva za skana zilizotelekezwa. Hawalipwi, wengi hawajawahi kuonana. Nikawapelekea kazi yangu. Wakaikagua, wakanisumbua kidogo, wakaikubali. Kwenye ukurasa wao wa skana zinazofanya kazi, skana yetu ikaingia, na pembeni yake mwandishi wa draiva: mimi, majina yote mawili. Toleo jipya la draiva zao likitoka, kila kompyuta yenye mfumo huria ingekuwa na kazi yangu ndani.

Nikachapa ule ukurasa, nikaubandika ukutani juu ya mashine ya lamineshi. Nikampigia baba.

Baba ni mkulima wa ngano na maharage huko Mbulumbulu. Tangu niache shule, mtu akimuuliza habari zangu alikuwa anajibu, "Yupo." Hilo tu. Siku nilipompigia aliuliza, jina limeandikwa na la ukoo pia? Nikasema la ukoo lipo. Akasema haya. Akakata simu. Baadaye nikasikia alikuwa ameshazunguka nusu ya kijiji.

Sasa uchungu wenyewe.

Kabla ya toleo kutoka, wale wa mradi huwaomba wenye skana kama hiyo waijaribu draiva. Mama mmoja wa Ulaya akaandika kwenye uwanja wa majadiliano, mbele ya wote, kwamba kurasa zake zinatoka na rangi ya kahawia. Akaweka na picha. Kweli, karatasi ilikuwa kama imechovywa kwenye chai ya maziwa.

Nikamjibu kwa Kiingereza changu cha kuongelea na watalii. Nikamwambia, mama, huenda karatasi zako zimezeeka, jaribu mpya. Nikaweka na kile kikatuni kinachocheka. Nikamwita dada aje asome nilivyomjibu Mzungu. Dada akasoma, akasema tu, "Na kama anasema kweli?" Nikamwambia wewe shughulika na kopi.

Akaja mwingine, nchi nyingine, kahawia ile ile. Akaja wa tatu.

Mkuu wa mradi akaniuliza swali moja. Je, kipande cheupe cha skana yako ni kisafi?

Kila skana ina utepe mweupe umefichwa chini ya ukingo wa kioo, huwezi kuuona bila kufungua. Kabla ya kusoma karatasi, skana huutazama kwanza huo utepe ili ijue nyeupe ndiyo hii. Kila rangi inapimwa kwa huo. Nilikuwa najua. Ila sikuwahi kuutazama kwa macho yangu.

Nikafungua skrubu. Utepe ulikuwa mwekundu.

Vumbi la Karatu, lile linaloingia mpaka kwenye sukari. Miaka yote ile skana imekaa ofisi ya lodge karibu na dirisha, vumbi limeingia taratibu na kulala juu ya utepe. Kwa hiyo skana yetu ilikuwa inaamini nyeupe ni rangi ya barabara ya Mbulumbulu. Mwanzoni kabisa kurasa zangu zilitoka za bluu bluu, nami badala ya kujiuliza kwa nini, nikaweka rekebisho ndani ya draiva: punguza bluu, ongeza nyekundu. Nilipima kwa jicho. Karatasi mkononi, karatasi kwenye kompyuta, naongeza, napunguza, mpaka zikafanana. Wala sikuandika maelezo kwamba hapa nimekisia. Niliona ni ujanja wangu, kwa nini niutangaze?

Basi skana ya mtu mwenye utepe msafi inapata rekebisho la uchafu isiokuwa nao. Nimewapelekea Wazungu udongo wetu kwa njia ya kompyuta.

Nikaufuta utepe kwa pamba na spiriti. Nikaskani karatasi mpya. Ikatoka chai ya maziwa, hapa hapa, mbele ya dada.

Akarudi kwenye mashine ya kopi. Dada yangu akiacha kunitania ujue mambo yameharibika.

Kurekebisha ni kazi ndogo: unafuta mistari michache, basi. Nikafuta, nikatuma. Lakini Jumamosi jibu likaja. Mlango wa toleo umefungwa. Draiva yangu imeondolewa, itatazamwa upya toleo lijalo, mwakani, baada ya watu wengine kuijaribu tangu mwanzo. Na mkuu akaongeza, kwa adabu ile inayouma, kwamba kosa la rangi ni la kawaida, kila mtu hulifanya, ila kumcheka mtu aliyekuletea taarifa ya kosa ndiko kunakofanya wasite kuniamini.

Nikafungua ukurasa wa orodha. Skana yetu haipo. Mimi sipo.

Na jana Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno.

Nilikwenda nyumbani nikiwa na nia ya kusema kabla ya ibada. Nikakuta baba ameshavaa koti, ameshatangulia. Kanisa limejaa mahindi, maboga, mikungu ya ndizi, kuku wamefungwa miguu. Baada ya baraka tukatoka nje kwenye mnada, kila mtu ananunua sadaka ya mwenzake, na kwa desturi yetu ukipandisha bei unaruhusiwa kusema ni kwa heshima ya nani. Akaletwa jogoo. Baba yangu, mtu ambaye hata tangazo la msiba hulisema kwa kunong'ona, akanyoosha mkono.

"Nampandisha huyu jogoo kwa heshima ya kijana wangu Danieli," akasema. "Mlimsikia ameacha shule. Sasa msikie na hili: jina lake limo kwenye kompyuta za dunia nzima."

Watu wakapiga vigelegele. Mimi nikatabasamu. Nikainua na mkono, eti nawashukuru.

Nilikuwa najua tangu jana yake.

Ningeliweza kumvuta pembeni pale pale. Sikumvuta. Nilikula pilau, nikarudi mjini na gari la mizigo, nikijiambia nitampigia kesho, kwa simu aibu hupungua.

Kesho yenyewe ni leo, na leo yeye ndiye aliyekuja. Kaingia dukani na wazee wawili wa kanisani, kofia mkononi kama wanaingia benki. Wamekuja sokoni, akasema, akaona wapite waone.

"Waonyeshe," akaniambia.

Akaonyesha kidole ukutani. Ukurasa wangu uliochapwa bado ulikuwa pale, sikuwa na moyo wa kuubandua. Mzee mmoja akausogelea, akasoma jina letu la ukoo kwa sauti, herufi kwa herufi. Ningeachia hapo. Karatasi ipo, wazee wameridhika, nani angejua? Lakini mzee wa pili, mcheshi, akasema, "Hii ya karatasi hata mimi naweza kuchapa. Tuonyeshe ya kwenye kompyuta yenyewe, inayotoka Ulaya."

Wakacheka wote. Baba alicheka kuliko wao.

Nikamtazama dada. Akainamia kopi zake.

Nikafungua ukurasa. Mtandao leo ulikuwa na kasi, siku nyingine zote unajivuta. Nikasema, "Halipo, baba. Wamelitoa."

"Wamelitoa kwa nini?"

"Nilikosea."

"Lini?"

Hapo ndipo aliponinasa. Angeniuliza nimekosea nini, ningemweleza utepe, vumbi, bluu, angechoka kusikiliza. Kauliza lini.

"Walilitoa Jumamosi."

Akahesabu. Niliona anavyohesabu. Jumamosi, halafu Jumapili.

Mzee mcheshi akataka kusaidia, akasema, "Aa, vijana ndivyo walivyo, hata shule alikimbia hivyo hivyo." Hayo ni maneno ya baba yangu mwenyewe, kayasema mara nyingi mezani. Nikangoja ayapokee. Hakuyapokea, wala hakuyakataa. Akavaa kofia yake.

Nikamfuata mpaka nje. Wazee wametangulia, vumbi limeshaanza. Nikamwambia, "Baba, kurekebisha ni jambo dogo, mwakani litarudi, na hata mkuu wao kasema kosa ni la kawaida..."

Akanikatisha kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, ambayo mjini hunisemesha akiwa hana utani. Kwa Kiswahili ni hivi: "Sijakuuliza habari za mashine. Jana mimi nilisimama kwa mdomo wangu. Jumapili utasimama kwa wa kwako."

Akavuka barabara.

Nimerudi ndani nikabandua ule ukurasa. Nimemwandikia yule mama wa Ulaya, nimemwomba radhi mbele ya watu wote wa mradi, pale pale nilipomcheka. Hilo lilikuwa rahisi, hanijui sura. Wa Mbulumbulu wananijua tangu sina meno.

Mchana kutwa, wateja wakipungua, nimekuwa naandika nitakachosema Jumapili. Mara ya kwanza nilianza na "Ingawa draiva yangu ilikuwa ya kwanza duniani." Nikafuta. Mara ya pili nikaanza na vumbi, jinsi ambavyo hata fundi bora angeweza kudanganyika. Nikafuta. Nikimwaga maneno kumi, sifa zangu zinachungulia katikati kama magugu kwenye ngano.

Dada kapita nyuma yangu, kasoma, kasema, "Bado refu."

Sasa imebaki hivi: Baba yangu aliwaambia alichoamini. Mimi nilijua sivyo, nikainua mkono.

Nimeisoma kwa sauti, peke yangu. Nimefika kwenye koma nikashindwa kuyasema yale maneno mawili ya mwisho.