Diodi ya Sola ya Mama

Kilema, Jumapili

Kaka Basili,

Shikamoo yangu leo huipati. Ng'ombe amezaa, kahawa imechanua.

Diodi ya sola ya mama uliifunga kinyume. Nilikuonyesha kwenye mchoro: umeme unafuata mshale tu, haurudi nyuma, na ule mstari mbele yake ndio pete nyeupe ya diodi, ielekee betri. Ukanicheka: "Mimi ndiye fundi, wewe kakate majani ya ng'ombe." Betri haikuchaji. Mama akaenda bandani gizani, akaanguka, akavunjika nyonga. Nawe ukawaambia ukoo kwamba niliichokonoa mimi.

Tawi la isale ulilotuma kuomba msamaha limefika. Nimelipanda mpakani, litenge migomba ya kihamba chako na ya kihamba cha mama. Mama mwenyewe ndiye aliyenielekeza pa kulichomeka.

Mdogo wako,
Margareta