Moyo Tulikuwa Hatujaufikia

Kabula, nakuandikia haraka. Nimesimama nyuma ya wodi ya watoto.

Unaujua mtindo wetu mpya: asubuhi nafundisha fiziolojia chuoni, mchana nawapeleka wanafunzi wodini wakaone walichosoma. Leo somo lilihusu maji mwilini. Nilisema, tena kwa kujiamini, kwamba mwili uliokauka hurudishiwa maji haraka.

Tukamkuta mtoto kutoka Mwanhuzi, ameharisha, mbavu zote nje. Dripu yake ilikuwa ikidondoka polepole. Nilipogeuka kuongea na nesi, Ndaki, mwanafunzi wangu bora, akaifungulia yote.

YOTE, Kabula.

Bibi wa mtoto akapiga kelele. "Mayu, mama yangu! Mbona mjukuu wangu anahema kama ndama aliyekimbizwa?"

Daktari Ngassa akaja mbio, akaifunga dripu, akamkalisha mtoto, akamwekea oksijeni. "Huyu ana utapiamlo mkali, moyo wake dhaifu! Maji mengi hivi yanamuua! Nani kawafundisha?"

Ndaki akasema, "Mwalimu, moyo hatujaufikia. Ulisema ni muhula ujao."

Muhula ujao! Mimi na mpangilio wangu, sura baada ya sura!

Nikajibu, "Ni mimi, Daktari."

Mtoto ameanza kupumua vizuri, ila bibi hataki nikaribie kitanda. Ndaki analia, anasema anaacha chuo. Nimemwomba Ngassa atufundishe moyo sasa hivi, pale pale, akipima mapigo kwenye mkono wa mtoto yule.

Amekubali. Ameniambia nikae kati ya wanafunzi.

Naingia.