Kigari cha Viti Viwili

Nairobi, 6 Machi 1966

Mpendwa Baba,

Pokea salamu zetu. Mimi, Loice na watoto hatujambo, ila baridi. Magoti ya Mama yanaendeleaje?

Baba, usikasirike. Mzungu mmoja wa Sotik anarudi kwao, ameniuzia gari lake la MG la mwaka 1949, jekundu, paa la turubai. Injini imekufa, lakini nitaifufua mwenyewe. Tangu nijifunze ufundi nalitamani gari la namna hii. Litaletwa kwako wiki ijayo, lifunike tu. Desemba nitakuja kuanza kazi.

Mwanao, Nyangau

Kebirigo, 2 Aprili 1966

Mwanangu Nyangau,

Hatujambo kwa neema ya Mungu. Magoti ya mama yako ni yale yale. Anafika kanisani watu wakianza kutoka.

Kigari kililetwa kikivutwa na trekta, soko zima likifuata nyuma kwa kicheko. Viti viwili! Nawe una watoto watano! Gari hili ni la mtu asiye na jamaa. Liuze.

Baba yako, Manasseh

Nairobi, 19 Januari 1968

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, sijui ninyi.

Najua Desemba mbili zimepita hamjaniona. Ni kazi tu. Nimefurahi kusikia kwamba Ratemo, yule fundi wa Suneka, amefunga vipuri nilivyotuma na gari linawaka. Lakini umeshinda, Baba: nauza. Bwana Jaffer wa Kisii mjini anapenda sana magari ya zamani. Atakuja Jumamosi, tarehe 3 Februari. Mkabidhi ufunguo.

Mwanao, Nyangau

Kebirigo, 5 Februari 1968

Mwanangu,

Tuko salama.

Jaffer alikuja. Jumamosi, Nyangau! Umekaa huko mpaka umesahau Sabato? Nilimwambia siku ya Bwana siuzi hata yai, arudi kesho yake. Ni muungwana, alikunywa uji akaenda.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Tangu Agosti Ratemo ananifundisha kuendesha. Mtihani nilianguka mara mbili, ya tatu wakanipa leseni. Jaffer alipoondoka nikampakia mama yako, tukafika kanisani kabla ya wimbo wa kwanza. Njia nzima alishikilia kitambaa chake cha kichwa akicheka. Kicheko kile sijakisikia miaka mingi, nikaona haya kwa yale niliyokuandikia.

Jumapili nilimwambia Jaffer gari limeshanunuliwa. Nimelinunua mimi. Ninyi nyote mmeondoka, tumebaki wawili, na viti ni viwili. Vinatutosha.

Bei yangu ni yule ng'ombe mtamba mwekundu. Usiniambie nimuuze nikutumie pesa, na usimtume mtu. Nimemfunga karibu na migomba; atachukuliwa kwa mkono wako mwenyewe, au biashara hakuna. Mama yako amekwisha kuniuliza mara mbili utafika siku gani.

Baba yako, Manasseh