Nyasi Ulizofungia Kibuyu cha Samli

Gatsata, Kigali

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Magoti yanasemaje na baridi ya huko Karagwe? Na baba, kifua kimeachia? Sisi huku wazima. Mume wangu Vensa yuko gereji kila siku, watoto wananenepa, na vita vya kaskazini tunavisikia redioni tu, Mungu ashukuriwe.

Samli imefika, asante sana. Ila shukrani yangu kubwa ni kwa zile nyasi ulizozungushia kibuyu kisivunjike. Wewe ulizitupia tu humo, lakini subiri nikusimulie.

Unajua mama mkwe alikimbia vita kwao Mutara bila hata ndama. Tangu afike kwetu alikuwa anapungua tu. Ndizi hataki, ugali hataki. Maziwa alitaka, ila nikimpa ananusa, anarudisha. Alitaka kibuyu kifukizwe kwa moshi wa umukenke, nyasi za mbugani kwao. Sasa hapa mjini kila nyasi ndefu kavu wanaiita umukenke! Nikakata zilizoota mafungu mafungu nyuma ya gereji, nikajisifu kweli. Kumbe ni ndugu zake mchaichai. Bibi akapiga funda moja, akatema. "Mkwe, kibuyu umekiosha kwa sabuni ya kuogea?" Vensa akacheka, mimi nikaenda kulia jikoni. Baada ya hapo akawa analala ameelekea ukutani, na daktari akatuambia asipokula tutampoteza. Niliogopa sana, mama.

Ndipo mzigo wako ukafika. Nafungua tu, harufu ya nyumbani hiyo! Nikachukua bua moja nikalichunguza kama ulivyotufundisha machungani: limeiva wekundu, mbegu ina mkia mweusi uliopinda kama goti. Nikaiweka mbegu kiganjani, nikaitemea mate. Ikajizungusha yenyewe, ndio umukenke huo! Nikapiga vigelegele peke yangu kama mwehu.

Zako zilikuwa chache, zimepondeka njiani, lakini sasa nilijua ninachotafuta. Kesho yake nikapanda basi mpaka Kanombe, kule kwenye uwanda mkavu. Askari akanisimamisha, natafuta nini? "Nyasi, afande." Akanitazama, nadhani alinihurumia, akaniacha nipite. Nikajaribu mbegu kiganjani, hii haigeuki, ile haina hata mkia, mpaka mate yakanikauka. Karibu na njia nikakuta fungu moja, mbegu yake ikazunguka. Nikamshukuru Mungu, nikakushukuru na wewe.

Nikafukiza, nikamimina maziwa. Bibi akanusa. Akanusa tena. Akanywa yote, akafuta mdomo, akauliza, "Nani kakufundisha?" Nikamwambia mama yangu. Akasema nikuandikie kwamba anakushukuru kwa mikono miwili. Kisha akauliza kama nimekata au nimeng'oa. Nimekata. "Rudi ukang'oe fungu zima na mizizi. Tulipande mlangoni, mwakani litachipua tena." Mama, mtu aliyekuwa ameelekea ukutani anazungumza habari za mwakani!

Nisalimie baba, dada mkubwa na shemeji, na mjomba aliyetafuta dereva wa kuuleta mzigo. Mungu awatunze wote.

Fungu nimeling'oa na kulileta leo. Naishia hapa, mama mkwe ananiita. Yuko nje mlangoni amepiga magoti, anachimba shimo mwenyewe kwa kisu changu cha jikoni, na anapiga kelele mtaa mzima usikie kwamba maji niliyomletea hayatoshi.

Mwanao akupendaye,
Adela