Bakuli Chini ya Msalaba wa Mwalimu

Lizaboni, Songea
3 Septemba 2024

Kaka Bartholomeo,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo. Masikio vipi? Sisi ni wazima, ila goti langu siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Naandika kwa sababu kwenye simu unajibu usichoulizwa. Makaburi ya zamani yanapunguzwa. Mtaro wa barabara unapanuliwa, na yote ya ukingoni yatahamishiwa makaburi mapya. La mama limepigwa rangi nyekundu. La jirani yake, Mwalimu Hironimus, limepigwa nyeupe: litabaki pamoja na la mkunga Skolastika na wengine waliojenga mji huu, wawekewe uzio na kibao cha majina. Edwin wa ofisi ya mtaa anataka sahihi ya mzaliwa wa kwanza kabla ya tarehe 15 Oktoba. Bila sahihi watamhamisha wenyewe, bila padri wala ndugu. Fomu ni hii. Weka sahihi, mpe kondakta wa basi.

Mdogo wako,
Benigna


Korogwe
14 Septemba 2024

Mdogo wangu Benigna,

Milele amina, na marahaba. Masikio yamebaki mapambo, lakini miguu bado inanifikisha sokoni. Pole na goti.

Fomu nimeipokea. Kabla sijaweka sahihi, nijibu haya kwa uhakika, usikisie. Bakuli la mama, lile jeupe la maua ya bluu, tulilolitoboa kitako na kulifukia nusu upande wa kichwa kama desturi yetu: lipo? Lipo kwenye kaburi lipi? Na msalaba wa mama uko upande wa mtaro au upande wa ndani? Nenda mwenyewe. Usimtume mtu, wala usiseme kwamba nimeuliza.

Siku ya tatu leo sipati usingizi.

Kaka yako,
Bartholomeo


Lizaboni
24 Septemba 2024

Kaka,

Shikamoo. Uzima tupo nao, subira ndiyo inaisha. Nimeomba sahihi, umeniletea mtihani.

Nimekwenda. Msalaba wa mama uko upande wa mtaro, pale pale siku zote. Bakuli hakuna. Lakini wapaka rangi walipokuwa wanasafisha kitako cha msalaba wa Mwalimu, jembe liligonga bati. Ni bakuli, maua ya bluu, limetobolewa. Violeth, mjukuu wa Mwalimu, alikuwepo. Akacheka: "Mama, kumbe bibi alikwenda kuazima chumvi kwa babu!" Nikacheka naye. Njiani kurudi nyumbani sikucheka tena.

Kaka, unajua nini ambacho mimi sikijui? Zimebaki siku ishirini na moja.

Mdogo wako,
Benigna


Korogwe
5 Oktoba 2024

Benigna,

Leo nisamehe, salamu ni fupi. Mwili mzima, moyo hapana.

Mwaka 1968 nilikuwa saidia fundi kwa mzee Rupert, aliyetengeneza misalaba ya saruji. Mama na Mwalimu walizikwa wiki moja, ubavu kwa ubavu, na misalaba yao ilisimikwa siku moja walipotimiza mwaka. Mvua za masika zilikuwa zimesawazisha matuta, na matope yamefunika vyombo vyote vya marehemu. Mzee Rupert alishikwa na homa. Nilipomwambia sioni alama, akasema, "Kaburi la mama yako nalo ukaonyeshwe? Nenda." Nikaenda peke yangu, nikasimika.

Kesho yake nilirudi kuimwagilia saruji maji, nikaona ukingo wa bakuli umetokeza chini ya msalaba wa Mwalimu. Nikakimbia kwa mzee. Akanijibu, "Saruji imeshika. Mungu anajua kusoma, wewe nyamaza." Nikanyamaza. Mwezi uliofuata nilipanda lori la watu wa mkonge. Mlidhani nafuata kazi.

Kila Novemba mbili, siku ya marehemu wote, umekuwa ukimfagilia Mwalimu kaburi, na watu wa ukoo wa Mwalimu wakimwekea mama maua. Fomu ikienda, Mwalimu atahamishwa kwa jina la mama, na mama atabaki ndani ya uzio kwa jina la mtu mkubwa, na hakuna atakayejua. Hilo nimelitamani. Nakuambia kweli, nimelitamani.

Bahasha ya kaki ni fomu yenye sahihi yangu. Nyeupe ni maelezo haya kwa ofisi. Kuchagua kumenishinda. Peleka moja.

Kaka yako,
Bartholomeo


Lizaboni
3 Novemba 2024

Kaka Bartholomeo,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, ingawa safari hii niliifikiria kwanza.

Bahasha zako zilifika tarehe 13. Nilikaa nazo siku mbili. Miaka hamsini na sita nimekuwa nikimweleza Mwalimu mambo yangu yote, hadi ugomvi wangu na marehemu mume wangu!

Nyeupe nilimpelekea Violeth kwanza, kisha Edwin. Edwin akasema mtaro hauulizi jina. Walichimba tarehe 21, padri akiwepo. Wakakuta fremu ya miwani. Violeth aliishika, akasema "Babu," akakaa chini pale pale kwenye udongo. Nikangoja anitukane. Edwin akaongeza kwamba uzio ni wa watu mashuhuri, kwa hiyo na mama aondoke. Violeth akainuka: "Bibi huyu tumemtunza miaka yote hii. Ni wetu pia. Asiguswe." Hakuguswa.

Basi mama amebaki, na jina la Mwalimu kichwani pake. Mwalimu yuko makaburi mapya, juu yake udongo mtupu. Jana tulifagia kwa mama, kisha kwa Mwalimu, ukoo wetu wote na ukoo wao wote. Watu walitutazama.

Misalaba lazima ing'olewe na kusimikwa upya. Violeth ameshanunua saruji. Kila fundi anayetajwa, nimemkataa. Fundi ni wewe.

Usijibu barua hii. Bahasha yako ikifika, nitajua hukuja.

Mdogo wako,
Benigna