Mfupa Uliosimamisha Risasi

Ndalambo,
2 Agosti 1993

Mwanangu Enoka,

Salamu nyingi. Hali zetu huku si mbaya, ukimwacha yule ambaye hayupo tena. Mtama umevunwa, mbuzi wamezaa, na mdogo wako Fides anapika huku analia. Sijui wewe huko Kasama, Zambia, hali yako ikoje, maana hata hilo hujaniandikia.

Mama yako alifariki tarehe 14 Julai. Siku hiyohiyo nilimtuma mtu Tunduma akakupigie simu ya maandishi. Tulimweka siku mbili tukikungoja. Wazee wakaninong'oneza kwamba maiti haingoji treni, nikawajibu kwamba Enoka ndiye mtoto wa kwanza na udongo wa kwanza ni wake. Treni ikaja, watu wakashuka Tunduma, wewe hukuwemo. Ikabidi Danieli, mtoto wa mjomba wako, atupe udongo kwa niaba yako.

Siku zake za mwisho mama yako kila akisikia baiskeli nje alikuwa akiuliza, "Ni Enoka?" Nikawa namwambia ndiye, anaiegemeza ukutani. Nilimdanganya hivyo mara nyingi. Sasa nataka uniambie ulikuwa wapi.

Ni mimi baba yako,
Kasiani


Kasama,
29 Agosti 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu. Mpe Fides pole yangu, na wewe pole sana, baba yangu. Sijui mtu anampaje baba yake pole ya mama yake mwenyewe.

Simu yenu ilifika hapa ikakaa kwa mwenye nyumba siku kumi na mbili, kwa sababu mimi nilikuwa hospitali. Tarehe 9 Julai jioni, nikiwa ndiyo kwanza nimerudi sokoni na marobota yangu ya mitumba, ambayo huku wanayaita salaula, walikuja majambazi watatu. Mmoja alikuwa na bastola ndogo, ya kufichwa kiganjani. Akanipiga risasi mguu wa kulia, chini kidogo ya goti. Risasi imekwama kwenye mfupa. Mfupa wenyewe haukuvunjika, na madaktari wameona waiache humohumo kwanza. Nilikuwa na homa kali, mguu umevimba kama gogo, na waliponisomea habari ya mama nilidhani ni homa inayosema. Mpaka leo natembea kwa magongo.

Baba, nisamehe. Ningeweza kutambaa ningetambaa.

Mwanao,
Enoka


Ndalambo,
20 Septemba 1993

Enoka,

Salamu. Sisi hatujambo. Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikamwita Fides anisomee, nisije nikasingizia macho.

Mwanangu, unamwandikia nani habari za risasi na mifupa? Mimi nimebeba gobore miaka ishirini katika nyika hii ya Momba. Nimepiga ngiri, nimepiga pofu, mnyama mkubwa kama ng'ombe. Umesahau ni nani alikuwa akichambua vipande vya mifupa kwenye nyama ili usivunjike meno? Chuma cha gobore kikigusa mfupa, mfupa unakuwa uji. Na hicho ni chuma nilichokatakata kwa mkono wangu, sembuse risasi ya kiwandani! Leo unaniambia imeingia mfupani ikatulia kama mgeni aliyepewa kigoda.

Kama umeoa huko Ubembani na mwanamke amekukatalia safari, sema. Kama ulishikwa na tamaa ya biashara, sema pia. Ningekasirika, halafu ningepoa. Lakini kusingizia risasi, na mama yako yuko mavumbini! Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia hapa kwangu.

Usiniandikie tena mpaka uwe na la kweli.

Baba yako


Kasama,
24 Oktoba 1993

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama na kwamba mvua zimeanza kunukia huko. Umenikataza kuandika mpaka niwe na la kweli, nami ninalo lilelile.

Nilipokwenda hospitali kutazamwa mguu, nilimweleza daktari habari za gobore lako. Alicheka, kisha akaacha kucheka akasema, "Mzee wako anajua anachosema, ila anazungumzia chuma kingine." Akakaa kando yangu akanifafanulia, nami nakufafanulia wewe kama nilivyoelewa.

Gobore linatupa vyuma vizito, vingi kwa pamoja, na wewe humpigi mnyama mpaka uwe karibu naye. Risasi ya bastola ile ni ndogo kama punje ya harage, na haina mbio kama ya bunduki ya askari. Tena mimi nilikuwa nasukuma mlango niufunge. Ilipita kwanza kwenye ubao wa mlango, ikapita kwenye nyama, ndipo ikakuta mfupa ikiwa imeshachoka. Hapo chini ya goti mfupa ni mpana, na ndani yake una vitundu kama sega la nyuki. Ikazama humo, ikaishia humo. Daktari anasema ingepiga katikati ya muundi, penye mfupa mgumu na mwembamba, huenda ungepasuka. Wala hakuna sheria moja. Ameona mtu aliyepigwa na bastola kama hiyo kichwani, ikatoboa fuvu, akafa kabla hajafikishwa. Ameona mwingine risasi imegonga ubavu ikateleza chini ya ngozi, ikatokea mgongoni, na mtu mwenyewe akaja hospitali kwa miguu yake.

Nakuletea picha ya eksirei ya mfupa wangu waliyoipiga hospitali. Nimempa Sadoki, yule mfanyabiashara wa Tunduma, akukabidhi mkononi. Iinue kwenye jua utaiona.

Nakukumbuka, baba. Nakumbuka hata ukali wako.

Mwanao,
Enoka


Kasama,
27 Desemba 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Krismasi imepita, natumaini mlikula vizuri na Fides aliimba kwaya. Mimi nimelazwa tena, niliila wodini, wali na maharage, na mgonjwa wa kitanda cha pili alinigawia kipande chake cha kuku.

Sadoki ameniapia kwamba picha uliipokea mwenyewe, ukaitazama, ukaingia nayo ndani. Miezi miwili sasa sijapata hata mstari mmoja.

Jeraha limefumuka. Linatoa usaha, na homa imerudi. Daktari anasema sasa lazima waichimbe risasi, na wakikuta mfupa umeoza watakata mguu juu ya goti. Watanipasua tarehe 19 Januari, asubuhi. Ninaogopa. Mguu naulilia, lakini ninachoogopa zaidi ni kulazwa juu ya ile meza nikiwa mwongo kwako. Wengine hawaamki, baba.

Mchana nikifumba macho naona njia yetu ya kwenda mtoni, na Fides mbele yangu na ndoo. Naona na kaburi ambalo sijaliona. Siombi uje, najua hujawahi kuvuka mpaka na treni huipendi. Naomba neno moja tu kabla ya siku hiyo. Andika kwamba unaniamini.

Mwanao,
Enoka


Kasama, nje ya wodi,
19 Januari 1994

Mwanangu Enoka,

Salamu. Sikuulizi hali, maana hivi ninavyoandika hali yako iko mikononi mwa watu walioko nyuma ya mlango huu. Niko kwenye benchi. Nimefika saa tatu, nao walikuwa wamekuingiza saa mbili. Nimekukosa kwa saa moja, mwanangu.

Barua yako ya Desemba ilifika wiki iliyopita. Ile picha, kweli niliipokea. Nilisema moyoni kwamba mfupa ni mfupa, huu waweza kuwa wa mtu yeyote, nikaichomeka nyuma ya kabati. Fides aliponisomea kwamba unaogopa, nikaitoa, nikatoka nje nikaiinua kwenye jua. Niliiona ile punje nyeupe. Lakini sikuamini kwa sababu ya punje. Niliamini kwa sababu chini yake, kama upana wa vidole vinne, mfupa una kifundo. Ulikuwa na miaka saba gurudumu la mkokoteni lilipokupanda likakuvunja mguu huo, na zahanati ilikuwa haina mtu. Mimi ndiye niliyekunyoosha na kukufunga kwa vijiti, ukipiga kelele na mama yako amekushika kichwa. Mfupa ulipona kwa kupinda kidogo, na mama yako hakuacha kunitania kwamba mikono yangu inafaa kuua wanyama tu. Mfupa ule naujua. Nikakaa chini palepale uani.

Jumapili nilisimama kanisani nikawaambia watu wote kwamba nilikusingizia. Danieli alilia kuliko mimi. Jumatatu nikapanda treni. Ikaharibika njiani, tukalala porini, nikawa nahesabu saa kama mfungwa. Pale Nakonde, mpakani, askari aliniuliza safari ya wapi, nikamwambia naenda kwa mwanangu aliyepigwa risasi. Akaniuliza, "Yuko hai?" Nikamsogezea hati yangu, naye akagonga muhuri akaniachia nipite.

Ulitaka neno moja, nami nimechelewa nalo. Nakuamini. Nilipaswa kukuamini bila picha, kwa kuwa wewe ni wangu. Mtu aliyefiwa hutafuta wa kumkasirikia, na mimi nilimpata aliye mbali, asiyeweza kunijibu usoni.

Wakikuacha na mguu, tutakwenda taratibu. Wakiukata, nitakubeba mgongoni kutoka stesheni, na anayetaka kucheka acheke. Mama yako yuko palepale, anatungoja sote wawili.

Muuguzi mmoja, anaitwa Teresia, ameniahidi kuiweka karatasi hii mkononi mwako ili uikute ukiamka. Mimi hawaniruhusu kuingia mpaka uamke na uniulizie. Basi amka, mwanangu, uniulizie.

Baba yako,
niko hapa nje